Mtoto Aliyeanguka

Somo: 2 Samweli 4:4

Ikiwa mko jikoni mkichemsha chai kule Kitengela, au mmekwisha kufungulia mbuzi kule upande wa Kajiado, twawaomba mketi nasi kitambo kidogo.

Somo letu la leo ni aya moja tu, tena imewekwa katikati ya habari za vita kana kwamba mwandishi aliikumbuka akiwa njiani. Mfalme Sauli na mwanawe Yonathani wameuawa, na habari zimefika nyumbani kutoka Yezreeli. Yonathani ameacha mwana wa miaka mitano, jina lake Mefiboshethi. Yaya wake akamchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete. Hatuambiwi jina la yaya yule, wala hatuambiwi yaliyompata baadaye.

Tulipokuwa chuo cha theolojia tulifundishwa kuihubiri sura ya 9, pale Mefiboshethi, sasa mtu mzima, anapoitwa kutoka Lo-debari aketi mezani pa Daudi. Ni mahubiri mazuri, nasi tumeyahubiri mara nyingi. Lakini miaka hii ya karibuni tumeirudia aya ile ndogo ya sura ya 4 kwa sababu ya watoto wetu. Mefiboshethi aliumia miguu, na kila mtu aliona. Aliingia kwa mfalme akichechemea, wala hakuna aliyemwambia kwamba ni mvivu wa kutembea. Je, kama angaliangukia kichwa? Kama angaliamka kesho yake na miguu mizima, akala uji wake, akatoka nje kucheza, lakini ndani ya kichwa pana kitu kimetikisika? Nani angalijua?

Waganga wa hospitali huliita jambo hilo mtikiso wa ubongo. Ninyi mliolelewa kwenye maboma mtalielewa upesi kuliko sisi tuliolisoma katika vitabu. Mama atikisapo maziwa katika kibuyu apate siagi, kibuyu hakipasuki. Ukikitazama kwa nje ni kilekile, hakina ufa. Lakini kilichomo ndani hakiko tena kama kilivyokuwa. Ndivyo ilivyo kwa kichwa. Ubongo ni mwororo, nao umekaa ndani ya fuvu umezungukwa na maji. Kichwa kinapogonga chini, au kinapotupwa mbele na nyuma kwa nguvu, ubongo husukumwa na kuvutwa ndani humo, na nyuzi nyembamba ambazo sehemu moja hutumia kupeleka habari kwa nyingine hunyooshwa. Kwa muda kazi yake huvurugika. Si lazima mtoto azirai. Wengi hawazirai kabisa. Hata picha ya ndani ya kichwa, ile ya mashine kubwa, haionyeshi mtikiso. Huonyesha damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Kwa hiyo mzazi anapoambiwa picha ni safi, ameambiwa habari njema sana, lakini hajaambiwa kwamba hapana kilichotokea.

Na watoto wetu huanguka. Kitengela ya leo ni mji wa fleti na ngazi, na mtoto wa miaka miwili hupanda kizuizi cha roshani mama akianika nguo. Barabara ya Namanga imepita katikati yetu, na kila asubuhi twaona bodaboda moja imebeba wanafunzi watatu au wanne, hakuna hata mmoja aliyevaa helmeti. Huko ndani ya Kajiado mvulana hupanda mgunga kuangushia mbuzi maganda wakati wa kiangazi, au hupigwa teke na punda akienda kisimani. Tena yako maumivu mengine ambayo hatupendi kuyataja kanisani. Yako makofi ya kichwa. Yuko mtoto mchanga anayetikiswa kwa hasira kwa kuwa hanyamazi, na kumtikisa mtoto mchanga namna hiyo kwaweza kumwua au kumpofusha bila kuacha alama hata moja kwenye ngozi.

Hebu tuwasimulie jambo moja, nalo si la kutusifu. Hatutataja jina wala ukoo.

Katika parishi moja tuliyoitumikia alikuwako mvulana wa miaka minane, mpole, mwenye sauti nzuri katika kwaya ya watoto. Baada ya muda tukaanza kusikia malalamiko. Anapigana. Mwalimu akieleza jambo anasahau kabla ya kukaa chini. Kwaya ikianza anaziba masikio na kutoka nje. Anacheka mwenzake anapolia, na akikemewa anashangaa kana kwamba hajui amekosa nini. Mama yake akamleta kwetu. Akasema, “Pasta, huyu mtoto amebadilika. Simjui tena.”

Tulimwombea. Hilo hatulijutii. Lakini tulisema pia kwamba ni roho ya ukaidi, na tukamkumbusha mama yale Mithali isemayo juu ya fimbo. Baba akatusikia vizuri kuliko tulivyokusudia. Mvulana alipigwa nyumbani karibu kila juma, wala hakubadilika ila kuwa mkimya.

Ikapita miezi mitatu hivi. Siku moja mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, muuguzi aliyestaafu, alimtazama mtoto yule akiwa amekaa peke yake kivulini, akamwuliza mama yake swali ambalo sisi hatukuwa tumeliuliza: “Alianguka lini?” Mama akafikiri. Ndiyo, aligongwa na bodaboda karibu na kituo cha matatu. Akaangukia kisogo, akaamka, akalia, akatapika mara moja. Walimpaka mafuta kwenye nundu, akalala, na kesho yake akaenda shule. Tulipohesabu siku, malalamiko yote yalianza baada ya juma lile.

Tulirudi nyumbani tukiwa tumenyamaza. Ndipo tulipoanza kusoma na kuwauliza wenye ujuzi, na leo twawaletea machache tuliyoyapata.

Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba ubongo wa mtoto, kwa kuwa bado ni mwepesi kubadilika, hupona vizuri kuliko wa mtu mzima. Mawazo hayo yalipata nguvu kutokana na majaribio ya Margaret Kennard juu ya nyani, Marekani, katika miaka ya 1930. Baadaye wengine, miongoni mwao Vicki Anderson wa Melbourne, Australia, waliwafuatilia watoto walioumia vibaya kichwani kwa miaka kadhaa, wakaona kwamba mambo si mepesi hivyo. Mtoto yu bado anajenga. Fundi aliyemaliza nyumba akipatwa na tetemeko, ana nyumba yenye ufa. Aliyekuwa bado kwenye msingi akipatwa na tetemeko hilohilo, huenda asijue hasara yake mpaka afike kwenye paa. Ndiyo sababu mtoto aliyeumia vibaya akiwa mdogo aweza kuonekana mzima kwa miaka, kisha taabu zikajitokeza darasa la nne au la tano, masomo yanapomdai kupanga, kukumbuka na kujizuia.

Hayo ni ya waliojeruhiwa vibaya. Je, mtikiso mwepesi, ule wa kila siku? Hapa yatupasa kusema kwa uangalifu, maana hatutaki kuwatia akina mama hofu isiyo na msingi. Wataalamu wa idara ya serikali ya Marekani ya kuzuia magonjwa walipokusanya uchunguzi mwingi na kutoa mwongozo mwaka 2018, walieleza kwamba katika watoto 10 wenye jeraha jepesi, 7 au 8 hawana taabu kubwa inayoendelea kupita mwezi mmoja hadi mitatu. Naam, wengi hupona kabisa. Mmshukuru Mungu kwa hilo. Lakini wale wawili au watatu waliobaki nao wana mama zao.

Uchunguzi mmoja ulitugusa kuliko mingine. Ulifanywa Montreal, Kanada, na Miriam Beauchamp na wenzake, juu ya watoto wadogo sana, wa kati ya miezi 18 na miaka 5, waliopata mtikiso mwepesi. Watafiti hawa hawakuuliza tu kama mtoto anajua kuhesabu. Waliuliza kama mtoto aweza kutambua yaliyo moyoni mwa mwenzake. Jambo hilo hupimwa kwa michezo midogo, nanyi mwaweza kulielewa kwa mfano huu. Mama ameweka mandazi kabatini, akatoka. Dada akayahamishia kwenye sufuria. Mama akirudi, atayatafuta wapi kwanza? Mtoto wa miaka mitatu husema “Kwenye sufuria,” kwa kuwa yeye ameyaona huko. Hadhani kwamba mama aweza kuwa na wazo lililo tofauti na lake. Kufikia miaka minne au mitano, watoto wengi husema “Kabatini.” Hiyo ni hatua kubwa katika maisha ya binadamu, ingawa hatuifanyii sherehe. Pasipo hatua hiyo hakuna kuhurumia, hakuna kuomba radhi kwa moyo, wala hakuna kumpenda jirani kama nafsi yako, maana hujui jirani anaumwa wapi.

Katika taarifa waliyoitoa mwaka 2015, watafiti wale walionyesha kwamba miezi sita baada ya kuumia, watoto waliopata mtikiso walikuwa nyuma ya wenzao katika michezo ya namna hiyo. Baadaye waliwalinganisha pia na watoto walioumia viungo vingine, ili isije ikawa ni hofu ya hospitali tu iliyowarudisha nyuma, na tofauti ikaonekana tena. Walitazama vilevile jinsi mzazi na mtoto wanavyocheza na kuongea, wakaona kwamba baada ya mtikiso upatano kati yao ulikuwa umepungua. Angalieni, hiyo ni hesabu ya kundi zima. Haisemi kwamba kila mtoto aliyeanguka atakuwa hivyo. Lakini tuliposoma hayo tulimkumbuka mvulana wetu akicheka mwenzake analia, akishangaa kwa nini anakemewa. Na tukakumbuka fimbo.

Huko Christchurch, New Zealand, watafiti waliwafuatilia watoto 1,265 waliozaliwa mwaka 1977. Waliokuwa wamelazwa hospitali kwa jeraha jepesi la kichwa, hasa kabla ya kufikisha miaka mitano, walionekana na mama zao na walimu wao walipokuwa na miaka 10 hadi 13 kuwa hawatulii na hawawezi kukaza fikira kama wenzao. Waliotibiwa na kurudishwa nyumbani siku ileile hawakuwa na tofauti kama hiyo. Na jambo la ajabu, katika vipimo vya masomo hata wale waliolazwa hawakuonekana kupungukiwa. Yaani mtoto aweza kupata alama zake za hesabu kama kawaida, na hata hivyo akawa anateseka mahali ambapo mtihani haufiki. Mwalimu akitazama daftari la alama peke yake hataona kitu.

Iko pia kazi kubwa ya Sweden iliyotolewa mwaka 2016, juu ya watu zaidi ya milioni 1.1 waliozaliwa kati ya 1973 na 1985. Karibu 9 katika kila 100 walikuwa wameumia kichwa kabla ya kufikisha miaka 25. Watafiti waliwalinganisha na ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakuumia, ili umaskini au malezi ya nyumba ile yasihesabiwe kuwa ndiyo sababu. Hata hivyo walioumia walikuwa wepesi zaidi kukatiza masomo na kuhitaji matibabu ya akili, na hatari iliongezeka kwa walioumia zaidi ya mara moja. Hilo la mara ya pili tulishike sana. Mtoto ambaye mtikiso wake haujapona, akigongwa tena, huumia zaidi. Ndiyo maana mchezaji aliyegongwa kichwa hatakiwi kurudi uwanjani siku hiyohiyo, hata akisema yu mzima, hata ikiwa ni fainali ya shule.

Basi tufanye nini mtoto aangukapo? Kwanza, yapo mambo ambayo yakionekana hakuna kungoja asubuhi, wala kungoja baba arudi. Mtoto haamki, au anaamshwa kwa shida. Anatapika tena na tena. Ana degedege. Kichwa kinazidi kumwuma badala ya kupungua. Mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya lingine. Maji au damu vinatoka puani au masikioni. Mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, au maneno yanamponyoka. Kwa mtoto mchanga, anakataa kunyonya, analia bila kutulizika, au utosi umevimba. Huyo apelekwe hospitali mara moja, akiwa Kitengela au Kajiado mjini, na akiwa mbali porini gari litafutwe usiku uleule. Hata bila dalili hizo, mtoto wa chini ya miaka miwili aliyeanguka kutoka mahali pa juu kuliko meza, au mkubwa wake aliyeanguka kutoka juu kuliko kimo cha mtu mfupi, aonwe na daktari.

Je, kila mtoto apigwe ile picha ya gharama kubwa? Hapana. Mwaka 2009 ilitolewa taarifa ya watoto 42,412 walioletwa hospitalini kwa kuumia kichwa huko Amerika ya Kaskazini, na wenye jeraha la hatari ndani ya ubongo walikuwa 376, yaani hawafiki mmoja katika 100. Daktari akimpima mtoto kwa makini aweza kusema picha haihitajiki, na mzazi asidhani ananyimwa kwa ajili ya umaskini wake.

Juu ya usingizi, wengi wetu tulifundishwa na bibi zetu kwamba aliyegonga kichwa asilale. Bibi hawakukosea kuwa na wasiwasi, lakini usingizi wenyewe si sumu. Ubongo uliochoka huutaka. Baada ya kuona kwamba mtoto yu macho vizuri na hana dalili zile, alale, nawe uwe karibu umwangalie. Asipewe aspirini. Kisha apumzike siku moja au mbili nyumbani, aiache simu na televisheni. Zamani walifungiwa chumbani gizani kwa majuma mazima. Wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 wamesema sivyo. Baada ya siku hizo mbili aanze kutembea na kucheza kwa upole, arudi shuleni kidogo kidogo, mwalimu akijua habari zake. Kukimbizana, mpira na kupanda miti vingoje mpaka dalili zimekwisha na daktari ameridhika.

Na walimu, twawasihi. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na sheria ya elimu ya mwaka 2013 ikakaza jambo hilo. Mtoto aliyebadilika ghafla aulizwe swali la yule muuguzi kabla ya kuitiwa mzazi. Ikiwa taabu zinaendelea, viko vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa nchini tangu mwaka 1984. Ofisi ya elimu itawaonyesha kilicho karibu.

Sasa turudi kwa yaya wa Mefiboshethi. Tumesema hatuambiwi yaliyompata. Lakini jambo moja twalijua: alisema. Kama angalificha, mwandishi wa Samweli asingaliandika kwamba mtoto alianguka katika kukimbia. Ni wasichana wangapi wa kazi katika fleti zetu ambao mtoto amewaponyoka mikononi, wakampangusa machozi, wakanyamaza, kwa kuwa wanajua kusema ni kufukuzwa jioni ileile pasipo mshahara? Tumezungumza na mmoja wao. Alituambia kwamba aliamka mara nne usiku kusikiliza kama mtoto anapumua, na asubuhi mama alipouliza kwa nini macho yake ni mekundu, alisema ni vumbi. Twawauliza akina mama na akina baba: mmemwambia msichana wenu, kwa maneno, kwamba siku mtoto akianguka atasema na hatafukuzwa? Ikiwa hamkumwambia, yeye anajua jibu lingine.

Watu watatuuliza habari za mvulana. Walipomwona daktari, shule ikakubali awe akienda nusu siku kwa muda, akae mbele mbali na mlango. Baba yake alikuja kwetu peke yake jioni moja, tukaomba radhi sisi kwake na yeye kwa mtoto. Mwaka uliofuata alikuwa karibu kuwa yule wa kwanza. Kelele bado hazipendi, na kwaya hajarudi. Hukaa na fundi mitambo wa kanisa, humsaidia kukunja nyaya.

Tangu wakati ule, katika Shule ya Jumapili tuliweka daftari. Mtoto akianguka au akigongwa, mwalimu huandika siku, saa, na jinsi ilivyokuwa, naye humwambia mzazi kabla hajaondoka. Hakuna anayekemewa kwa lililoandikwa. Majuma mawili ya kwanza daftari lilikaa tupu, ingawa tulikuwa na watoto zaidi ya mia uwanjani. Juma la tatu msichana mmoja wa miaka kumi na tano, anayesaidia darasa la wadogo, alituletea likiwa limefunguliwa. Mwandiko wake ulikuwa unatetemeka. Alikuwa ameandika kwamba mtoto aliteleza kwenye ngazi, na kwamba alikuwa amemshika mkono yeye mwenyewe.